Mvue Mghoi Kile Kipande

Kandara, Jeddah

Kwa Baba yangu, Mwalimu,

Shikamoo, Baba. Nianze na magoti yako. Baridi ya huko milimani bado inakusumbua, au ndiyo yale ya kupanda kilima cha kanisa kwa ukaidi na fimbo umeiacha nyuma ya mlango? Na Mama, kifua kimetulia? Mahindi ya msimu huu yamekubali? Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umepona, ngozi imejifunga ingawa imekunjamana, ila jino la mbele ndilo limeenda moja kwa moja. Ukiniona kwenye picha nimefumba mdomo usidhani naringa. Habari za mkono na jino zinakuja.

Naandika kwa kalamu kwa sababu wewe ukitumiwa sauti kwenye simu huisikilizi. Ulisema mtu mwenye akili timamu huandika. Haya, nimeandika, na mwenzangu mmoja anayerudi Voi kwa likizo atakuletea mkononi.

Baba, Jumapili nilipiga simu nikamwomba Mama anipe Mghoi. Nikasikia mtoto anahema tu. Mghoi yule, ambaye kwa kawaida hujamaliza kusema haloo ameshakupa habari za kuku, za paka wa jirani na za nani kaanguka kwenye matope! Nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akaninong'oneza, "Siwezi kuongea sana. Babu amenivika." Nikauliza amekuvika nini, ingawa nilishajua. Akasema, "Kipande. Nilisema 'like' nikiongea Kiingereza. Jioni ikinikuta nacho nitachapwa."

Nilikata simu, maana yaliyokuwa mdomoni binti hamwambii baba yake. Nimeyaacha yapoe. Hayajapoa vya kutosha, kwa hiyo unisamehe mapema. Mvue mwanangu hicho kipande. Ni hilo tu nililokuja kusema. Yaliyobaki ni kukueleza kwa nini siombi.

Najua jibu lako. Nakusikia hadi huku ukisema Kiingereza cha watoto wa siku hizi kimeoza. Wanasema "like" mahali ambapo hakuna kinachofanana na chochote. Wanasema "literally" halafu wanafuatisha uongo mtupu. Wanamwita babu yao "bro". Kila sentensi wanaipandisha sauti mwishoni, utadhani wanaomba ruhusa ya kwenda msalani. Neno likiingia leo mtaa mzima unaliimba, na kabla hujajua maana yake wanakucheka kwamba ni la wazee. Haya yote yananikera hata mimi, Baba. Mimi ni binti yako, umenilea kwa redio na kamusi. "Like" ya kizembe ikipita karibu yangu nahisi mtu ananikwaruza meno kwa kijiko. Kwa hiyo usijitetee kwa upande huo, maana tuko pamoja.

Lakini acha nikukumbushe kipande ni nini, maana mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ulikichonga mwenyewe kwa mti, ukakitoboa, ukakitia kamba ya katani inayowasha shingo. Mtoto akisikika anaongea Kitaita shuleni anavikwa. Naye kazi yake kutwa nzima ni kuwinda mwenzake, amsikie akikosea, ampe. Jioni tukipiga mstari, aliyebaki nacho anatoka mbele, nawe unamwuliza, "Aliyekupa ni nani?" Anamtaja. Yule naye anamtaja wake, mpaka mstari wote wa waliokivaa siku hiyo umesimama mbele yako. Mlichapa nyinyi walimu mpaka fimbo zikapasuka. Tulijifunza kujificha nyuma ya vyoo na kusikiliza midomo ya rafiki zetu. Kiingereza tulikipata vitabuni.

Na mwanao Mwadime, je? Siku hiyo alipiga kelele kwa Kitaita kwa sababu nyoka alikuwa majanini karibu na mguu wa mwenzake. Ulitaka atafute Kiingereza cha nyoka kwanza? Kwa kuwa ni mwana wa mwalimu mkuu ulimpiga kofi la sikio mbele ya shule nzima ili wengine wasiseme unapendelea. Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Mama alilifua lile shati kwa chumvi na maji baridi. Leo Mwadime anakata mkonge kule bondeni, ukimwita upande wa kushoto hasikii, nawe unamwita mjinga. Hajawa mjinga, Baba. Umemtoboa sikio.

Sasa sikiliza ya Riyadh.

Niliajiriwa nyumba moja mtaa wa Suwaidi kwa sababu wakala alimwambia Madam, "Huyu ni Mkenya, ni mwalimu, Kiingereza safi." Kwa hiyo nilipika, nikafua, nikapiga pasi, nikasugua vyoo, na tangu alasiri mpaka magharibi nikawafundisha mabinti wawili. Lujain alikuwa wa miaka kumi na minne. Retaj alikuwa wa tisa, mwembamba, mcheshi, mwenye kushika mkono wako hata ukiwa unakatakata vitunguu. Madam alikuwa na dada yake ambaye watoto wake wamesoma shule za kigeni, na kila Ijumaa dada huyo alimnyanyasa kwa Kiingereza. Kiu ya Madam ilikuwa hiyo, siku moja wanawe wafungue mdomo na dada anyamaze.

Walifungua, lakini kilitoka Kiingereza cha simu. "Like, like, like," kama kuku anayedonoa bati. Lujain alikuwa na maneno ya mwezi huu, akimcheka Retaj kwa maneno ya mwezi jana. Walimwita mama yao "bro". Nami waliniigiza: "Me I am coming," wakanengua viuno, wakacheka mpaka wakalala chini. Nilijaribu upole, nikajaribu nyimbo, nikajaribu peremende. Kisha siku moja, nikiosha kopo la maziwa ya unga, nikakitazama kifuniko chake cha bati. Mkono ukachukua msumari wenyewe. Nikakitoboa, nikakitia utepe wa abaya ya zamani.

Nilijua nafanya nini? Nilidhani najua. Nilisema nitachukua dawa niache sumu. Anayesema "like" bila sababu anavaa, akimnasa mwenzake anampa, na anayebaki nacho magharibi anaosha vikombe vya chai. Fimbo hakuna. Baba, walikipenda! Nyumba ililia kwa vicheko. Walikimbizana kwenye korido, wakaviziana nyuma ya mapazia. Baada ya muda si mrefu Retaj alikuwa anasema sentensi nzima, safi, taratibu, anakagua kila neno kabla halijatoka. Madam akanipiga begani kwa furaha. "Shatra!" akasema, yaani mimi ni hodari. Nikavimba kichwa. Nilitaka hata kukuandikia ufurahi.

Siku moja Madam akaniuliza jikoni, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia shuleni kwetu, ni ya baba yangu. "Na yeye pia aliwaoshesha vikombe?" Nikacheka, Baba. Yale mambo tukiyasimulia huwa tunacheka, sijui kwa nini. Nikasema, "Ah, Madam, kwetu ilikuwa fimbo tu."

Madam aliingia chumbani kwake. Magharibi ilipofika alitoka na igali ya Bosi, mumewe, ile kamba nyeusi ngumu ambayo wanaume wa huku huizungusha kichwani juu ya kitambaa. Kipande kilikuwa kwa Retaj. Alimshika kiganja akamchapa, na mtoto, kwa kuwa alidhani ni mchezo, akacheka pigo la kwanza. Hakucheka la pili. Nikasema, "Madam, sisi tunaosha vikombe." Akanijibu bila kugeuka, "Mafi vikombe." Hakuna tena vikombe.

Toka hapo ikawa kila siku. Nilikitupa kile kifuniko kwenye taka, Madam akakitoa kwa mkono wake, akakisuuza. Nilisema nimechoka kufundisha, akasema basi ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, itachoka pia. Mabinti wakabadilika. Lujain alijifunza kunyamaza kabisa saa za alasiri ili asikosee, na kumchokoza mdogo wake kwa maswali mpaka neno limtoke. Retaj akawa anasimama nyuma ya mlango wa dada yake akipumua kwa mdomo, anasikiliza. Nikaona shule yetu, Baba. Niliiona vilevile, na zulia chini na kiyoyozi juu. Magharibi ikikaribia Retaj anajikojolea, nami nazifua nguo haraka kwenye sinki kabla mama yake hajanusa.

Ndipo ikaja Ijumaa moja. Wageni walijaa, dada yake Madam katikati na bangili zake. Nilikuwa nazungusha kahawa. Retaj alikuwa amevaa kipande tangu asubuhi, amekificha chini ya gauni, utepe tu unaonekana shingoni. Alikuwa amezunguka nyumba yote kama mtu aliyepoteza pete. Lujain amefunga mdomo, binamu zake hawachezi mchezo huu, na jua ndilo hilo linashuka. Mama yake naye, kwa kutaka kumkomesha dada, akaanza Kiingereza. Alikipata wapi? Kwa wanawe, yaani kwa simu! Mikono inapepea, "like, literally, like," sauti inapanda mwishoni.

Retaj alisimama. Nilimwona uso, Baba, uso uliofunguka wa mtu aliyepata nafuu. Nikatingisha kichwa, nikamkonyeza, nikakohoa. Hakuniangalia. Alivuka zulia, akakivua, akamvika mama yake mbele ya watu wote, akasema kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba sasa ni zamu yake.

Dada mtu akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, bangili zikilia. Madam naye alitabasamu. Alikaa na kifuniko cha maziwa shingoni akitabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipovaa viatu.

Mlango ulipofungwa, akamkamata mtoto kwa nywele akamburuta mpaka jikoni. Alimpiga kwa igali mgongoni, kichwani, popote. Hakuhesabu, hakupumzika. Retaj alijikunja chini ya meza akitoa sauti ambayo si ya lugha yoyote. Niliingia katikati. Pigo moja lilinichukua mdomoni, nikaonja chumvi, nikahisi jino limelala ulimini. Nikamshika mkono. Akachukua birika la kahawa kwenye jiko kwa mkono wa pili akanimwagia. Mkono huu ninaoshikia karatasi uliwaka, nikasikia ngozi yangu ikitoa harufu.

Hapo nikawa mtu mwingine. Nilimnyang'anya igali, nikamsukuma, akaanguka kati ya jiko na friji, nami nikampiga. Nilimpiga begani, nikampiga mkononi alipojikinga, nikampiga tena. Na unajua nilikuwa nasema nini, Baba? Damu inanichuruzika kidevuni, nimemsimamia mwanamke sakafuni, nasikia mdomo wangu unamwuliza kwa Kiingereza chako, kwa sauti yako ile ya mstari wa jioni, "Aliyekupa ni nani? Aliyekupa ni nani?"

Kitu kikasogea miguuni pangu. Retaj alikuwa ametambaa kutoka chini ya meza. Kifuniko kilikuwa kimekatika utepe, kimeangukia sakafuni. Alikiokota, akaufunga utepe, akajivika mwenyewe. Kisha akasimama katikati yetu, mgongo umelowa damu, akanyoosha kiganja. Alifikiri kila mtu anapigwa kwa sababu kipande hakiko mahali pake. Alitaka kikae kwake ili yaishe.

Nikaiacha igali ikaanguka.

Bosi alitukuta hivyo. Mke yuko sakafuni, mtumishi hana jino, na mwanawe amevaa bati shingoni na mkono umenyooka. Akauliza, "Nani kaleta kitu hiki nyumbani kwangu?" Madam akaninyooshea kidole. Na, Baba, hakusema uongo.

Alimvua mtoto kile kifuniko, akakikunja kwa kisigino cha kiatu mpaka kikawa hakifai hata kukinga panya. Kisha akaniambia, "Umempiga mke wangu. Yeye amekuunguza. Ningeita polisi mngelala wote wawili ndani. Halas, basi. Usionekane hapa." Asubuhi akanipeleka ofisi ya wakala mtaa wa Murabba na kusaini karatasi za kunihamisha. Nililala pale kwenye magodoro pamoja na wenzangu, mkono umefungwa kanga, mpaka akapatikana mtu wa Jeddah. Retaj sikumuaga. Alikuwa dirishani, sikujua nimpungie mkono au nijifiche.

Sasa niko Kandara kwa Bi Zuwena, mama mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Unguja zamani zile za mapinduzi. Miguu imemkataa lakini ulimi haujambo. Ananitania kutwa, "Mwanangu, hicho Kiswahili chako cha Kenya kimejaa mawe, mtu atavunjika meno," halafu anakumbuka jino langu na kuniomba radhi huku anacheka. Amezaliwa huku, amesoma Kiarabu, na Kiunguja chake hakijapungua hata chembe. Nilimwuliza wazazi wake walifanyaje. Akanishangaa. "Walifanyaje nini? Walikuwa wakizungumza nasi." Nilipomweleza ya Mghoi akauliza, "Na huyo babu mtu, hana kazi ya kufanya?" Nisamehe, Baba, ndivyo alivyosema, nami sikukutetea.

Wajukuu zake nao wanaongea hicho Kiingereza cha simu. Nauma mdomo, naendelea kumenya viazi. Lile neno ambalo Lujain alikuwa nalo kila saa, lililonifanya nitamani kuziba masikio kwa unga, nimewauliza hawa, wakanicheka kwamba halisemwi tena. Limekufa lenyewe, hakuna aliyelichapa. Hata "like" itazeeka, au haitazeeka, na Mghoi atakuwa mtu mzima anayejua kuongea na wazee na kuongea na wenzake, kama unavyofanya wewe ukiwa kanisani na ukiwa kwa mpigapasi wako mkipiga soga. Lakini shingo ikishazoea kamba, Baba, haisahau. Tazama mimi. Nilivuka bahari, nikavua kila kitu cha kwetu uwanja wa ndege, na bado mkono wangu ulikitengeneza upya kwa kifuniko cha maziwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wako yuko hapo nyumbani, ana miaka saba, ananong'ona.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kifua nimemtumia kwa mkono huohuo ulioleta barua. Msalimie shangazi wa kisimani na mumewe, na mjomba fundi bati, na mama mchungaji anayeniombea kila Jumatano. Mwadime msalimie wewe mwenyewe. Nenda bondeni, usimame upande wake wa kulia, umsalimie kwa Kitaita. Tangu siku ya nyoka hujawahi.

Na mwisho kabisa, twende kwa sheria zako. Aliyebaki nacho lazima amtaje aliyempa. Retaj nilimpa mimi. Mimi ulinipa wewe. Mghoi umempa wewe. Nawe Baba, Krismasi ile ulipokunywa chai ya tangawizi ukacheka sana, ulituambia wamisheni walikufunga mfupa wa ng'ombe shingoni ukiwa mdogo kuliko Mghoi, na jioni wakakuchapa mpaka ukalala kifudifudi wiki nzima. Wale wote wamekufa. Hakuna wa kuwataja. Kwa hiyo mstari unaishia kwako, na jioni imefika.

Mvue mtoto. Kama huwezi kukichoma, kivae mwenyewe ulale nacho. Usiogope, Baba. Hakuna atakayekuchapa.

Mwanao akupendaye,
Wakesho